Dirisha la Terminali na Usalama wa Matini: Mipangilio ya Mwonekano katika Vipindi vya Mbali vya Mstari wa Amri kwa Watafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kurekebisha mwonekano wa dirisha la terminali kwa mtafiti wa Kiswahili anayefanya kazi katika kompyuta ya mbali kwa njia ya mstari wa amri. Hoja kuu ni kwamba kinachoonekana dirishani si faili lenyewe, bali ni mchoro unaotegemea makubaliano baina ya kompyuta mbili kuhusu ukubwa wa dirisha, aina ya terminali na usimbaji wa herufi. Makubaliano hayo yakivunjika, matini iliyo salama huonekana kana kwamba imeharibika, na mtafiti anaweza kuiharibu kwa kujaribu kuitengeneza. Makala yanaeleza chanzo cha kila kasoro, upande unaopaswa kurekebishwa, na utaratibu wa kutofautisha kasoro ya mwonekano na kasoro ya data.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa isimu au fasihi ya Kiswahili anayeshughulikia matini nyingi kwa mkupuo hufika mahali ambapo kompyuta yake mpakato haimtoshi. Kongoo kubwa, kama vile Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, huwa na mamilioni ya maneno. Na hata mkusanyo wa wastani wa magazeti au riwaya unaweza kuhitaji nafasi na kasi inayopatikana kwenye seva ya chuo. Mtafiti huifikia seva hiyo kwa mtandao: hufungua dirisha katika kompyuta yake, huandika amri, kisha husoma majibu.

Miongozo mingi kuhusu dirisha hilo imeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wasimamizi wa mifumo, ambao haja yao ni kuiendesha mashine. Haja ya mtafiti wa lugha ni tofauti, kwa kuwa kwake yeye herufi ndiyo data. Akiona neno ng'ombe limegeuka kuwa ngâ€™ombe, hana budi kujiuliza kwanza: je, lililoharibika ni faili, au ni dirisha linaloisoma vibaya matini iliyo salama? Jibu la swali hili ndilo linaloamua kama atabadili mpangilio mmoja wa dirisha au atabadili maelfu ya maneno katika data yake ya utafiti.

Mfano unaotumika katika makala haya ni wa kompyuta yenye mfumo wa Windows inayounganishwa na seva ya Linux kwa programu ya PuTTY, iliyoanzishwa na Simon Tatham wa Uingereza. Kanuni zinazoelezwa, hata hivyo, zinahusu pia programu nyingine za aina hiyo.

2.0 Asili ya Dirisha la Terminali na Mgawanyo wa Kazi

Terminali za mwanzo zilikuwa mashine za kupiga chapa kwenye karatasi, zilizounganishwa na kompyuta kwa waya. Jina lake la mkato, tty, lingali linatumika katika mifumo ya jamii ya Unix. Baadaye karatasi ilipisha kioo. Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilitoa VT100, terminali iliyoonyesha safumlalo 24 zenye safuwima 80, yaani nafasi 1,920 za herufi. Idadi ya safuwima 80 ilikuwa imezoeleka tangu kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928. Programu kama PuTTY huigiza mashine za ukoo wa VT100, na ndiyo sababu dirisha lake hufunguka likiwa na safumlalo 24 na safuwima 80 iwapo mtumiaji hakuchagua vinginevyo.

Jambo la msingi ni mgawanyo wa kazi. Seva haichori chochote. Inachotuma ni mfululizo wa baiti tu: baadhi ya baiti ni herufi, na nyingine ni maagizo yanayoanza na baiti yenye thamani ya 27, kama vile kuhamisha kishale au kubadili rangi. Programu iliyo katika kompyuta ya mtafiti ndiyo inayozipokea baiti hizo, kuzifasiri na kuchora. Seva haikioni kioo cha mtafiti. Hujua tu kile ilichoambiwa kukihusu.

Kutokana na mgawanyo huu, kila mpangilio una makazi yake. Fonti, rangi, idadi ya mistari iliyopita inayohifadhiwa na usimbaji unaotumika kuzifasiri baiti ni mali ya upande wa mtafiti. Jina la aina ya terminali, ukubwa wa dirisha uliosajiliwa na mazingira ya lugha ya programu ni mali ya upande wa seva, ingawa mawili ya kwanza hutokana na taarifa zilizotumwa na upande wa mtafiti. Marekebisho yakifanywa upande usiohusika, kasoro hubaki palepale au huzaa nyingine.

3.0 Ukubwa wa Dirisha

Itifaki ya SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen mwaka 1995, ina utaratibu maalumu wa kuitaarifu seva kuhusu ukubwa wa dirisha. Kipindi kinapofunguliwa, upande wa mtafiti hutuma jina la aina ya terminali, idadi ya safuwima na idadi ya safumlalo. Dirisha likipanuliwa au kupunguzwa katikati ya kipindi, ujumbe mwingine hutumwa. Seva husajili vipimo vipya na kuipa programu inayoendelea ishara iitwayo SIGWINCH ili ijichore upya.

Mtafiti anaweza kukagua usajili huo kwa amri `stty size`. Jibu lake ni namba mbili: ya kwanza ni safumlalo, ya pili ni safuwima. Jibu likiwa `24 80` ilhali dirisha limepanuliwa kujaa kioo kizima, seva haina habari sahihi, na vihariri vya maandishi vitatumia sehemu tu ya dirisha. Amri `stty rows 40 columns 120` husahihisha usajili kwa kipindi hicho. Amri hii haibadili dirisha. Hubadili tu kile ambacho seva inaamini kuhusu dirisha. Kwa hiyo namba zinazoandikwa sharti zilingane na vipimo halisi.

Iwapo vipimo ni sahihi lakini amri ndefu inapoandikwa hurudi mwanzo wa mstari uleule na kujifunika, chanzo cha kawaida ni kiashiria cha amri kilichotiwa rangi. Katika Bash, maagizo ya rangi yaliyomo ndani ya kiashiria yasipozungushiwa alama `\[` na `\]`, huhesabiwa kana kwamba ni herufi zenye upana, na hesabu ya safuwima hupotoka. Tiba yake ni kusahihisha kiashiria upande wa seva. Kupanua dirisha huiahirisha tu kasoro.

Kwa mtafiti wa lugha, upana una umuhimu wa pekee katika itifaki za muktadha, yaani orodha zinazoliweka neno lengwa katikati na muktadha wake kushoto na kulia. Mstari wenye herufi 140 ukionyeshwa katika safuwima 80 hukunjwa, na maneno lengwa hayapangiki tena wima. Dirisha kubwa husaidia, lakini amri `less -S` husaidia zaidi kwa sababu huzuia kukunja na kuruhusu kusogea kulia na kushoto kwa vitufe vya mishale. Ieleweke kwamba mstari uliokunjwa dirishani haujakatwa katika faili. Kinyume chake, data inayonakiliwa kwa kipanya kutoka dirishani ina hatari ya kweli: nafasi za kichupo zinaweza kugeuka nafasi za kawaida, na mstari uliokunjwa na kihariri unaweza kunakiliwa kama mistari miwili. Data ihamishwe kwa amri za kuhamisha faili, kama vile `scp` au `sftp`, badala ya kunakiliwa kutoka kwenye mchoro wake.

4.0 Aina ya Terminali

Si terminali zote zilizofuata maagizo yaleyale. Kwa hiyo seva huhifadhi hazina ya maelezo ya aina mbalimbali za terminali, na huchagua maelezo yanayofaa kwa kusoma kigeu cha mazingira kiitwacho TERM. Thamani yake huonekana kwa amri `echo $TERM`. PuTTY hujitambulisha kwa jina `xterm` isipoelekezwa vinginevyo.

Dalili za kutokubaliana hapa ni mbili. Ya kwanza ni ujumbe wa seva kwamba aina ya terminali haijulikani. Maana yake ni kwamba jina lililotumwa halimo katika hazina yake. Ya pili ni rangi chache kuliko zile ambazo dirisha linaweza kuchora. Maelezo ya `xterm` mara nyingi huorodhesha rangi 8 tu, ilhali `xterm-256color` huorodhesha 256. Thamani hii hubadilishwa katika mipangilio ya PuTTY, sehemu ya Connection, ukurasa wa Data, kabla ya kuunganisha. Kuiandika upya kila mara katika faili za seva si busara, kwani mtafiti anaweza kesho kuingia kwa programu nyingine yenye tabia tofauti.

Dirisha likijaa alama zisizosomeka baada ya mtu kufungua kwa `cat` faili lisilo la maandishi, kama vile sauti au picha, baiti za faili hilo zimefasiriwa kama maagizo. Hakuna kilichoharibika. Amri `reset`, hata ikiandikwa bila kuonekana, huirudisha terminali katika hali yake ya kawaida. Vivyo hivyo, dirisha linaloonekana kuganda baada ya kubonyeza Ctrl na S limesimamishwa tu. Ctrl na Q huliruhusu liendelee.

5.0 Usimbaji wa Herufi na Suala la Ritifaa

Kiini cha makala haya kipo hapa. Kiswahili cha hati ya Kilatini huandikwa kwa herufi zisizo na viunguo juu wala chini, na zote zimo katika seti ya ASCII yenye nafasi 128. Usimbaji mwingi uliokuja baadaye, ukiwamo UTF-8 uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, uliziacha nafasi hizo kama zilivyo. Matokeo yake ni kwamba matini ya Kiswahili husomeka karibu sawa hata dirisha linapotumia usimbaji usiofaa. Mtafiti wa Kifaransa huiona kasoro katika sentensi ya kwanza, lakini mtafiti wa Kiswahili anaweza kusoma kurasa kadhaa kabla ya kuigundua.

Mahali inapojitokeza ni kwenye ritifaa. Ritifaa iliyonyooka, inayopigwa moja kwa moja kwenye kibodi, ni baiti moja yenye thamani ya 27 katika hesabu ya kumi na sita. Programu za kuchapa nyaraka, hata hivyo, mara nyingi huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu: E2, 80 na 99. Dirisha linalotumia usimbaji wa Windows-1252 huzisoma baiti hizo tatu kama herufi tatu, ndipo ng’ombe akawa ngâ€™ombe.

Umbo la kasoro hueleza upande wenye tatizo. Mambo matatu hutofautishwa:

(i) Ikionekana â€™, kwa kawaida faili ni la UTF-8 na dirisha ndilo lisilolingana. Marekebisho hufanywa upande wa mtafiti: katika PuTTY, sehemu ya Window, ukurasa wa Translation, huchaguliwa UTF-8.

(ii) Ikionekana `<E2><80><99>` ndani ya programu ya `less`, dirisha halina kosa. Programu iliyo kwenye seva haijaambiwa itumie UTF-8. Amri `locale` huonyesha hali ilivyo, na `locale -a` huorodhesha mazingira yaliyosakinishwa. Iwapo `sw_TZ.utf8` au `sw_KE.utf8` imo katika orodha, huweza kuchaguliwa kwa amri `export LANG=sw_TZ.UTF-8`, isipokuwamo, `C.UTF-8` au mazingira mengine ya UTF-8 hutosha.

(iii) Ikionekana `<92>` ndani ya `less` ilhali pande zote mbili zinatumia UTF-8, basi faili lenyewe halikuandikwa kwa UTF-8, bali yumkini kwa Windows-1252, ambamo ritifaa iliyopinda ni baiti moja ya 92. Hapa ndipo panapohalalisha kulibadili faili, kwa amri ya `iconv`, na matokeo yaandikwe katika faili jipya.

Hatari ni kumtibu mgonjwa wa kwanza kwa dawa ya wa tatu. Mtafiti anayeona â€™ na kuamini kwamba faili lake ni la Windows-1252 anaweza kuliamuru `iconv` kulibadili kutoka Windows-1252 kwenda UTF-8. Amri itatii. Baiti tatu za ritifaa zitafasiriwa kama herufi tatu, na kila herufi itasimbwa upya. Tatu zitakuwa nane. Tangu hapo ngâ€™ombe si mwonekano tena, bali ndiyo matini yenyewe, na kila dirisha lililopangwa vizuri litaionyesha hivyo. Ikiwa ni baadhi tu ya mafaili yaliyobadilishwa, au ikiwa mengine yameongezwa baadaye, kuyatenganisha huwa kazi ngumu.

Lipo pia tatizo la upande wa pili: dirisha lililopangwa vizuri linaweza kuficha tofauti iliyomo katika data. Katika baadhi ya fonti, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda hukaribia kufanana. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Mtafiti anayetafuta ng'ombe, ng'oa, ng'ara na ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka hatapata tokeo hata moja lililoandikwa kwa iliyopinda, na idadi ya maneno yenye nazali hiyo itapungua bila onyo lolote. Programu ya kuhesabu maneno nayo inaweza kuikata ng’ombe kuwa ng na ombe. Mwonekano mzuri, kwa hiyo, si ushahidi wa data safi.

Ushahidi wa kuaminika hupatikana kwa kuzitazama baiti zenyewe. Amri `grep -m1 ombe faili.txt | od -t x1` huchukua mstari wa kwanza wenye silabi hizo na kuuonyesha kwa namba. Ritifaa iliyonyooka itaonekana kama `6e 67 27 6f`, na iliyopinda kama `6e 67 e2 80 99 6f`. Kwa kuwa jibu hilo limeandikwa kwa tarakimu na herufi za ASCII pekee, husomeka sawasawa katika dirisha lolote, liwe limepangwa vizuri au vibaya.

6.0 Fonti, Rangi na Hati ya Kiarabu

Fonti na rangi huishi upande wa mtafiti pekee. Kuzibadili hakuigusi seva wala data. Terminali hugawa dirisha katika vyumba vyenye upana sawa, hivyo fonti inayofaa ni ile ambayo herufi i na m huchukua nafasi moja. Fonti yenye herufi za upana tofauti huvuruga majedwali na itifaki za muktadha. Aidha, ichaguliwe fonti inayotofautisha waziwazi herufi l na tarakimu 1, herufi O na tarakimu 0, na aina mbili za ritifaa. Kuhusu rangi, lalamiko la kawaida ni majina ya folda yanayoonyeshwa kwa buluu iliyokolea juu ya weusi. Tiba yake ni kuing'arisha buluu hiyo katika mipangilio ya rangi ya dirisha.

Matini za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zinahitaji tahadhari zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya aina hiyo, na mtafiti anayeinukuu miswada kama hiyo kidijitali atakuwa na mafaili yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, yenye herufi zinazobadili umbo kulingana na mahali zilipo katika neno. Vyumba vya terminali vilibuniwa kwa maandishi yanayokwenda kushoto kwenda kulia. PuTTY hujaribu kuzigeuza na kuziunganisha herufi hizo, lakini programu nyingi huzionyesha zimetengana au zimepinduliwa. Faili huhifadhi herufi kwa mpangilio wa kusomwa, hivyo kupinduka huko ni kwa mchoro tu. Uhariri wa matini hizo ufanyike katika kihariri kinachoimudu hati hiyo, na terminali itumike kwa kuhesabu na kutafuta.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mtafiti anayekutana na mwonekano usio wa kawaida anapendekezwa afuate hatua hizi:

(i) Asilihariri faili, na awe na nakala yake isiyoguswa.

(ii) Akague baiti kwa `od` ili ajue kilichomo hasa.

(iii) Akague upande wa seva kwa `stty size`, `echo $TERM` na `locale`.

(iv) Akague usimbaji na vipimo vya dirisha katika kompyuta yake.

(v) Arekebishe upande mmoja kwa wakati mmoja, kisha atazame tena.

(vi) Alibadili faili pale tu hatua ya pili inapothibitisha kwamba kasoro imo ndani yake.

Uhai wa marekebisho nao uzingatiwe. Kilichowekwa kwa `stty` au `export` hufa pamoja na kipindi. Thamani ya LANG hudumu ikiandikwa katika faili la maandalizi la mtumiaji, kama vile `.profile`. Mipangilio ya PuTTY nayo hupotea dirisha linapofungwa, isipokuwa mtumiaji arudi katika ukurasa wa Session na kuihifadhi kwa jina.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mipangilio ya dirisha la terminali ni sehemu ya mbinu za utafiti kwa yeyote anayechambua matini za Kiswahili katika seva ya mbali. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili huficha makosa ya usimbaji hadi kwenye ritifaa, mtafiti hawezi kuyategemea macho peke yake. Inapendekezwa kwamba sura ya mbinu za utafiti katika tasnifu zinazotumia data ya kidijitali itaje usimbaji wa mafaili na aina ya ritifaa iliyotumika. Sentensi moja ya aina hiyo itamwezesha msomaji kurudia hesabu zilezile na kupata majibu yaleyale.